Taa ya Tangi la Karantini la Samaki wa Maji Chumvi: Mwongozo Kamili wa Kuichagua na Kuitumia

Samaki wa mapambo wanaovuliwa kwenye miamba ya pwani ya Kenya, wakiwemo kangaja, kitatange na samaki safishaji aina ya Labroides dimidiatus, hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mfugaji, na katika kila tangi wanalopitia wanaweza kuambukizwa vimelea. Ndiyo maana mfugaji makini huwaweka kwanza katika tangi dogo la karantini kwa wiki nne hadi sita, mbali na tangi kuu, ili awachunguze na kuwatibu inapobidi. Chujio, hita na dawa za tangi hilo hufikiriwa kwa kina, lakini taa huwa ni ile yoyote iliyopo nyumbani, au huwa ni taa ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, kwa imani kwamba kinachofaa tangi kuu kinafaa na huku. Njia zote mbili zina madhara. Katika tangi la karantini la samaki, mwanga ni wa macho ya mfugaji. Samaki mwenyewe anahitaji kidogo tu, na ukizidi humtaabisha. Mambo yote yanayofuata yamejengwa juu ya hoja hiyo, na mfano utakaotumika ni tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30, ambalo likijazwa maji ya kina cha sentimita 25 hubeba takriban lita 45.

Hatua ya 1: Amua ni kiumbe gani atakayekaa humo

Swali hili hutangulia mengine yote kwa sababu jibu lake hubadilisha taa nzima. Samaki hawatengenezi chakula kwa mwanga, kwa hiyo wanachohitaji ni kuona chakula, kuona pa kujificha na kutambua mchana na usiku. Matumbawe mengi yanayofugwa, kinyume chake, hubeba ndani ya miili yao mwani mdogo unaowalisha kwa usanisinuru, na mwani huo ukikosa mwanga kwa wiki kadhaa matumbawe hupauka na kufa. Tena, dawa ya shaba inayotumika kuwatibu samaki huua matumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo viumbe hao hawapaswi kukaa katika tangi moja la karantini na samaki wanaotibiwa. Kama utawaleta wote, panga matangi mawili, na kila moja lipate taa yake. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu tangi la samaki; matumbawe yana sehemu yao mbele.

Hatua ya 2: Andaa mahali pa tangi kabla ya kununua taa

Tangi la karantini lisikae mbele ya dirisha linalopigwa na jua. Lita 45 za maji hupata joto haraka, na jua la saa tatu za mchana wa pwani linaweza kupandisha joto la maji hadi kiwango ambacho hita wala mfugaji hawezi kukirekebisha kwa wakati. Jua pia huotesha mwani kwenye vioo, na kioo chenye mwani humzuia mfugaji kuona kile alichoanzishia karantini.

Funika kioo cha nyuma na vya kando kwa karatasi nyeusi au ya buluu iliyokolea, ukiacha kioo cha mbele peke yake wazi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: weka mkeka mweusi chini ya tangi. Tangi la karantini halina mchanga, na kioo kitupu cha sakafu hurudisha mwanga juu, jambo ambalo samaki wa miamba hajawahi kukutana nalo baharini. Samaki anayeangaziwa kutoka chini huogelea huku na huko bila kutulia, hujibanza pembeni, na wakati mwingine hupigana na kivuli chake. Mara nyingi mkeka wa bei ndogo humtuliza samaki wa namna hiyo kuliko taa yoyote utakayomnunulia. Ongeza vipande vya bomba la plastiki lenye kipenyo cha kumtosha kuingia na kutoka, ili awe na kivuli cha kukimbilia muda wowote taa inapokuwa imewashwa.

Hatua ya 3: Chagua taa ya kila siku

Kwa tangi la mfano wetu, taa ya LED ya wati 5 inatosha kabisa. Taa ya namna hiyo hutoa takriban lumeni 400, na ikining'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya maji huangaza tangi lote bila kumchoma samaki macho. Inafaa kukumbuka kwamba samaki hawa hawana kope za kufumba. Njia yao pekee ya kuukwepa mwanga mkali ni kujificha, na samaki anayejificha siku nzima hali chakula na hachunguziki. Balbu za zamani zenye waya unaowaka na zile za halojeni ziachwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wao hugeuka kuwa joto linaloishia ndani ya maji.

Rangi ya mwanga ina uzito kuliko wati. Kwenye boksi la taa kuna tarakimu inayofuatwa na herufi K, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Balbu ya sebuleni ya 2,700 K au 3,000 K hutoa mwanga wa manjano, na taa za matumbawe huanzia takriban 10,000 K hadi 20,000 K na kuelemea sana kwenye buluu. Chagua 6,500 K au karibu na hapo, ambayo ni nyeupe kama mwanga wa mchana. Tafuta pia alama ya CRI, inayoonyesha jinsi taa inavyozitoa rangi za vitu kwa usahihi, na kama unaweza kuipata, chukua yenye 90 au zaidi.

Sababu ya kusisitiza weupe huo ni ya kivitendo. Chini ya mwanga wa buluu, wekundu wa kidonda, weupe wa ukungu kwenye jicho na unjano wa utando wa ngozi vyote hufifia au hupotea, na samaki mgonjwa huonekana mwenye rangi za kuvutia. Vilevile, katika tangi la karantini amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, hupimwa mara kwa mara, kwa sababu chujio la sponji bado ni changa na dawa huweza kudhoofisha bakteria wake wanaoiondoa. Vipimo vya nyumbani husomwa kwa kulinganisha rangi ya maji ya kipimo na kadi, na tofauti kati ya manjano ya usalama na kijani kibichi cha hatari ni ndogo. Chini ya balbu ya manjano au taa ya buluu, tofauti hiyo husomwa vibaya kwa urahisi. Taa nyeupe iliyo juu ya tangi inakuwa pia taa ya meza ya vipimo.

Chagua taa inayoweza kupunguzwa mwanga. Kama unayoiweza haina kidhibiti, inua taa juu zaidi au pitisha mwanga wake kwenye karatasi nyeupe nyembamba iliyowekwa mbali na joto na maji. Taa za 12 V zinazotumia adapta ndizo ninazozipendelea kuliko zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, kwa sababu ya usalama utakaoelezwa hapa chini na kwa sababu nyingi kati ya taa za bei nafuu za moja kwa moja hupepesa. Ili kuijaribu taa dukani, ielekeze kamera ya simu kwenye mwanga wake: michirizi myeusi inayotembea kwenye kioo cha simu ni dalili ya kupepesa, na taa hiyo itaharibu pia picha unazozipiga ili kulinganisha hali ya samaki siku hadi siku.

Hatua ya 4: Pata taa ya pili, ya uchunguzi

Taa ya kila siku hulitunza tangi. Kazi ya kugundua ugonjwa ni ya tochi. Tochi nyeupe ya LED yenye lumeni 100 hadi 200 na mwanga uliotawanyika inatosha. Ile yenye mwale mwembamba na mkali sana humtisha samaki na kuacha sehemu kubwa ya mwili wake gizani.

Namna ya kuitumia ina maana kuliko aina yake. Zima taa za chumba, punguza taa ya tangi, kisha subiri samaki atulie. Simama pembeni kidogo ya kioo cha mbele na ushike tochi juu ya tangi ukiiinamisha, ili mwale upite sambamba na ubavu wa samaki badala ya kumpiga usoni. Mwanga ukipita hivyo, kila kitu kilichoinuka juu ya ngozi hupata kivuli chake na kuonekana. Mwanga unaotoka upande wa macho yako hurudishwa na kioo, na ngozi huonekana laini hata pale isipokuwa laini. Dakika moja au mbili zinatosha.

Anza na mapezi ya ubavuni kwa sababu yanapitisha mwanga, na doa dogo huonekana humo mapema kuliko mwilini. Vimelea vya Cryptocaryon irritans, vinavyosababisha ugonjwa wa madoa meupe, huonekana kama punje za chumvi zilizotawanyika, na unaweza kuzihesabu. Amyloodinium ocellatum ni tofauti: huonekana kama vumbi laini lenye rangi ya manjano au kahawia lililotanda juu ya ngozi, na bila mwanga wa kuinamisha mara nyingi halionekani hata kidogo. Kimelea hiki huua haraka, wakati mwingine kabla dalili za ngozi hazijaonekana, kwa hiyo angalia pia kasi ya kupumua: hesabu mara ambazo kifuniko cha matamvua hufunguka kwa dakika, na uandike. Samaki anayejificha ghafla asimulikwe na mwanga, huku akipumua kwa haraka au akikaa mbele ya mkondo wa maji, anahitaji hatua siku hiyohiyo. Kwa samaki wa jenasi Amphiprion (clownfish), tafuta utando mweupe unaochubuka, ambao mara nyingi huashiria kimelea Brooklynella hostilis.

Wakati wa kuchunguza nao una maana yake. Cryptocaryon ikishakomaa juu ya samaki kwa siku 3 hadi 7, humwacha na kushuka chini, na huondoka zaidi nyakati za giza. Vimelea wachanga wanaotafuta samaki wapya nao hutoka kwenye vifuko vyao usiku kuelekea alfajiri. Kwa hiyo samaki aliyekuwa na madoa kumi jioni anaweza kuamka hana hata moja, na mfugaji akamwona amepona. Chunguza jioni kabla ya kuzima taa na tena asubuhi, na usiyachukue madoa yaliyotoweka kuwa ushahidi wa kupona. Saa hizo za kimelea zinafuata mpangilio wake wa ndani, na kuacha taa ikiwaka usiku kucha hakumzuii. Humnyima samaki usingizi tu.

Minyoo bapa ya Neobenedenia huwa angavu na haionekani kwa tochi yoyote juu ya samaki aliye hai majini. Hao hugunduliwa kwa kumwogesha samaki kwa takriban dakika tano katika maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyolinganishwa joto na kiwango cha pH na maji ya tangi na kutiwa hewa ya kutosha. Hapo minyoo hugeuka nyeupe na kuanguka. Tumia beseni jeusi, na umulike kutoka kando: juu ya plastiki nyeusi minyoo huonekana mara moja, ilhali katika ndoo nyeupe unaweza kuimwaga bila kujua kwamba ilikuwemo. Mwangalie samaki muda wote wa kuoga, na umtoe akionyesha kuzidiwa.

Hatua ya 5: Funga taa kwa usalama

Pampu ya hewa inayoendesha chujio la sponji hupasua mapovu, na kila povu hurusha matone ya maji chumvi. Matone hayo hukauka juu ya taa, waya na soketi, na chumvi iliyokaa hula chuma na, ikipata unyevu, hupitisha umeme. Chukua taa yenye alama ya IP65 au zaidi, yaani iliyokingwa dhidi ya vumbi na maji yanayorushwa, na iwe imening'inizwa au kubanwa imara kiasi kwamba haiwezi kuangukia majini hata ikigongwa. Iache adapta mbali na tangi na juu ya usawa wa sakafu. Waya upinde kwa kitanzi kinachoshuka chini ya usawa wa soketi, ili tone linalotiririka juu yake lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Soketi yenyewe ilindwe na swichi ya usalama ya 30 mA inayokata umeme unapovuja. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa taa na hita.

Funika tangi kwa wavu au kifuniko kinachopitisha mwanga, kwa sababu samaki wanaoshtuka huruka, na mwanga unaowaka ghafla gizani ni mojawapo ya sababu kubwa za kuruka. Kifuniko cha kioo hujaa chumvi baada ya siku chache na kupunguza mwanga. Kifute kwa kitambaa chenye maji baridi kila wiki.

Hatua ya 6: Panga siku ya kwanza na ratiba ya mwanga

Samaki anayewasili amekaa gizani ndani ya mfuko kwa saa nyingi. Fungua mfuko katika chumba chenye mwanga hafifu, mwingize tangini taa ikiwa imezimwa, na umwache hivyo siku hiyo nzima kwa mwanga wa chumba tu. Siku ya pili washa taa ikiwa imepunguzwa, kwa saa chache, na umpe chakula kidogo. Akianza kula, ongeza hadi saa 8 au 10 kwa siku. Akikataa kula lakini anapumua vizuri, punguza mwanga kabla ya kubadilisha chakula.

Mpangilio mzuri ni huu: taa ya chumba iwake nusu saa kabla ya taa ya tangi, na izimwe nusu saa baada yake, ili pasiwepo mruko wa ghafla kati ya giza na mwanga. Lisha mara tu samaki wakishazoea mwanga wa asubuhi, na tena saa moja kabla ya kuzima. Samaki wa usiku, kama wale wa jenasi Myripristis, walishwe mwanga ukiwa umeshapungua, la sivyo watalala njaa mbele ya chakula. Ukihitaji kutazama usiku, tumia tochi yenye mwanga mwekundu, kwa kuwa samaki wengi wa miamba hawauoni vizuri.

Kazi ya kuwasha na kuzima mwachie kifaa cha saa. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, saa ya kuzunguka hubaki nyuma kwa muda wote uliokatika, na baada ya wiki mbili mchana wa samaki umehamia usiku. Chukua ya kidijitali yenye betri ya ndani. Umeme ukikatika, giza halimdhuru samaki, bali ukosefu wa hewa ndio humdhuru, kwa hiyo betri ya akiba iende kwenye pampu ya hewa na si kwenye taa.

Hatua ya 7: Oanisha mwanga na dawa

Shaba haiathiriwi na mwanga, na unapoitumia ratiba haihitaji kubadilika. Dawa nyingine zina masharti. Klorokwini fosfeti huvunjika kwenye mwanga mkali na hasa kwenye miale ya urujuanimno, kwa hiyo punguza taa mpaka kiwango cha kumwezesha samaki kula, na zima kifaa chochote cha urujuanimno kilichounganishwa na tangi. Nitrofurazoni na methilini buluu pia huharibiwa na mwanga: tia dawa jioni baada ya kuzima taa, na chupa zikae kabatini.

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwamba tangi lifunikwe liwe giza tupu ili kuua Amyloodinium. Asili yake ni samaki wa maji baridi, ambao kimelea chao kinachofanana na hicho, Piscinoodinium, kina klorofili na hunufaika na mwanga. Amyloodinium haina, na hujilisha kwa samaki pekee. Giza halimtibu samaki wa maji chumvi; linamfanya mfugaji asimwone akizidiwa. Punguza mwanga kwa sababu samaki mgonjwa unamkera, lakini dawa itolewe.

Kama tangi ni la matumbawe

Hapa taa ya wati 5 haifai. Kipimo kinachotumika ni mwanga unaofaa kwa usanisinuru, PAR, unaohesabiwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini na jamaa zake kama Zoanthus na Discosoma huridhika na takriban 50 hadi 100. Yale ya mifupa yenye minofu mikubwa huhitaji 50 hadi 150. Na Acropora, matumbawe magumu yenye matawi, huhitaji 200 hadi 300 na zaidi. Kwa tangi la mfano wetu, taa ya matumbawe ya wati 20 hadi 30 inayoweza kupunguzwa itatosheleza makundi mawili ya kwanza. Acropora itahitaji taa yenye nguvu zaidi, na mimi nisingemshauri anayeanza kuiweka karantini katika lita 45.

Wafugaji wengi huyaacha matumbawe siku 76 bila samaki ili vifuko vya Cryptocaryon vilivyoshikamana na mawe viishiwe nguvu, na kwa muda mrefu hivyo taa dhaifu haivumiliki. Hata hivyo anza na nusu ya nguvu, kisha pandisha polepole kwa wiki mbili hadi tatu. Matumbawe yaliyotoka kwenye mwanga mdogo yakipewa mwingi kwa mara moja huungua na kupauka. Hata taa ikiwa ya buluu, acha saa moja kila siku ya mwanga mweupe, na uitumie kutafuta mayai ya konokono, minyoo bapa na vidonda kwenye shina.

Karantini ikimalizika

Siku tatu au nne kabla ya kumhamisha samaki, ongeza mwanga taratibu ukaribie ule wa tangi kuu, na siku ya kumhamisha zima taa za tangi kuu mpaka kesho yake. Wenyeji wake watamsumbua kidogo zaidi gizani, naye atapata usiku mmoja wa kutafuta pango. Taa ya karantini na tochi zisipelekwe kwenye tangi kuu zikiwa na unyevu, kwa kuwa tone moja la maji linaweza kubeba vimelea. Chomoa taa, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi hadi chumvi yote itoke, kagua waya na plagi kama kuna kutu ya kijani, kisha iache ikauke kabisa kwa siku kadhaa kabla ya kuiweka kwenye boksi lake pamoja na adapta.